Mtu wa Faili la Riziki

Jumatatu, tarehe 8 Juni. Baridi kavu, jua liko juu lakini halina kazi, na upepo wa kusini unapita chini ya mlango hata ukiuziba na blanketi.

Leo wametutoa hospitali. Nimembeba Riziki mgongoni kutoka kwenye robot, zile taa za barabarani, mpaka nyumbani, maana barabara yetu imechimbwa na dereva amekataa kuingia. Ana miaka saba sasa. Miguu yake inanigonga magotini. Nilipomlaza nikafungua bahasha ambayo yule mama wa ofisi alinipa wodini. Ndani kuna karatasi moja tu. Juu jina la mtoto, chini majina mawili, kila moja na kisanduku chake, kisha mstari wa sahihi ya mzazi. Weka alama kwenye jina moja. Rudisha Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile kwenye daftari langu. Sasa baridi imeondoka, miti ya hapa Bellevue imeanza kutoa majani, na Riziki ana wiki ya saba bila kuanguka vibaya. Naandika upya kwa sababu wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki, mama mmoja wa Burundi alinionyesha karatasi kama ile ile, yenye majina mawili, akaniuliza mimi nilichaguaje. Nikaanza kumweleza, wakamwita ndani. Nilibaki nimefungua mdomo. Basi kwake yeye, na kwa mwingine yeyote mwenye karatasi hiyo mkononi, hii ndiyo hadithi yangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, kwetu Uvira, Kongo, vita vikafunga shule. Nikikosea mahali, mnisamehe. Na nikimwonea mtu, hilo msinisamehe haraka, kwa sababu nimejitahidi sana nisifanye hivyo.

Riziki alizaliwa hapa Johannesburg, mzima kabisa. Alipofika mwaka mmoja na miezi mitatu alishikwa na homa, shingo ikakakamaa. Mambo ya homa ile wataeleza wenye kuyajua. Mimi ninachokijua ni benchi. Tulikaa juu yake tangu asubuhi mpaka jua likaingia dirisha moja na kutokea lingine. Wiki tatu baadaye tulipotoka, mkono wa kushoto ulikuwa umefunga ngumi na mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzwa kama mguu wa kuazima. Kisha kikaja kifafa. Kwetu neno hilo halitamkwi. Tunasema kushikwa, au tunasema ile kitu. Wakwe zangu wakipiga simu kutoka nyumbani, mpaka leo wanajua mjukuu wao anasumbuliwa na mguu.

Kuna shirika moja hapa mjini linalosaidia watoto wenye ulemavu. Kila mtoto anapewa mtu mmoja wa kushika mambo yake. Huyo ndiye anayeandika barua za shule, anayefuatilia kiti cha magurudumu, anayeingia na wewe kwa daktari na kumsomea yaliyotokea tangu mara ya mwisho. Wao wanamwita kodineta. Sisi tunasema mtu wa faili. Mzazi anachagua mwenyewe kati ya wale wenye nafasi. Mwaka jana, mvua za Novemba zilipoanza, nilimchagua Mama Elizabeti, na sikufikiri hata kwa muda wa kumeza mate.

Ningefikiri nini? Mama Elizabeti ni mtu wa Bukavu, mjane, mkubwa katika kanisa letu. Baba Riziki, yaani mume wangu, alipofika mji huu bila kujua hata neno moja la Kiingereza, alilala jikoni kwake, mtaa wa Berea, miezi minne. Lifti ya jengo lile ilipokufa, ni yeye, na umri wake ule, aliyempandisha Riziki mgongoni ngazi za ghorofa saba, huku mimi nafuata na mfuko wa nepi. Anaujua mkono wa mtoto kuliko mimi. Anaupaka mafuta ya moto, anauzungumzisha, ngumi inafunguka kidole kimoja kimoja. Riziki anamwita Koko, kama bibi yake wa kumzaa.

Alikuwa anakuja Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Nilikuwa nakaanga mikate ya mafuta tangu asubuhi. Anaingia, tunasalimiana. Habari ya hapa? Muzuri. Ya kazi? Muzuri. Na mtoto? Anaendelea muzuri, tunashukuru Mungu. Tunashukuru kabisa. Anakunywa chai, anamkanda Riziki mkono, anaomba, kisha anatoa faili na kuandika. Nilikuwa naona kalamu ikienda. Sikuwahi kuuliza inaandika nini.

Wewe mwenye lugha hii unaelewa. Mgeni hajakaa chini humtupii mabaya. Unasema nzuri kwanza, na mabaya unayaacha yatoke yenyewe baadaye, kati ya chai na kuagana. Yasipotoka, basi hayakutoka. Na mbele ya mtu aliyemlaza mume wako jikoni kwake, kusema mbaya ni kama kunyoosha mkono tena kuomba.

Wakati huohuo chini ya godoro kulikuwa na daftari. Dada wa mazoezi ya viungo ndiye aliyeniambia zamani niandike kila mara mtoto anaposhikwa, siku na saa. Nilikuwa naandika. Januari, mara mbili kwa wiki. Machi, siku nyingine mara mbili kwa siku. Hakuna aliyeniambia nilitoe, nami sikulitoa. Nalisoma sasa na najiuliza nilikuwa namwandikia nani.

Kabla ya Pasaka ikafika siku ya daktari. Tulikuwa kwenye foleni mapema, namba yetu ya arobaini na kitu. Gogo mmoja, ndivyo bibi anavyoitwa hapa, aliyekaa nasi na mjukuu wake mwenye kichwa kikubwa, alitoa magwinya, maandazi ya huku, kwenye karatasi, akamkatia Riziki kipande bila kuniuliza jina wala nchi. Nakumbuka ladha ya mafuta yale. Tulipoitwa ilikuwa imeshapita saa nane.

Daktari alikuwa kijana, mwenye macho mekundu ya usingizi. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akasoma ukurasa, akasoma mwingine, uso ukamfunguka. Akasema miezi mitano yote haina tatizo. Akanipongeza. Akasema basi dawa moja kati ya mbili tutaipunguza kidogo kidogo, Riziki arudi baada ya mwaka, na nafasi yake kwenye kliniki ya kifafa apewe mtoto mwenye shida zaidi. Mama Elizabeti akanitafsiria kwa furaha, akanibana mkono.

Nilikuwa na pumzi ya kusema. Sikuwa nimebanwa na chochote. Lakini yeye alikuwa amekaa pale, mkubwa wangu, na maneno ya kwenye faili yalikuwa mwandiko wake. Kumkana mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe? Na maneno yenyewe yalikuwa yangu. Nilisema asante.

Mwezi wa tano baridi ilianza, na dawa ilikuwa imeshuka nusu. Riziki akabadilika. Alikuwa anauma ulimi kila mara. Mate yakazidi, kola ya sweta imelowa kutwa. Alikuwa anajikojolea, yeye aliyekuwa ameacha, halafu analala mchana wote, akiamka maneno yamepungua, kama mtu aliyerudi kutoka sokoni na kapu limetoboka. Mimi mgongo ulikuwa unauma kwa kumbeba. Baba Riziki ni mlinzi, anafanya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo. Akirudi anauliza habari. Najibu nzuri. Hata yeye nilimjibu nzuri.

Mama Elizabeti akaenda Durban, binti yake alikuwa amejifungua. Ofisi ya shirika ikatuma mtu wa kumshikia nafasi kwa mwezi mmoja. Jina lake Thandeka, anatoka Soweto, miaka thelathini hivi, raba nyeupe, simu haimalizi dakika mbili bila kulia. Alichelewa saa nzima. Nilikuwa nimekaanga mikate, akasema yuko sharp, yaani yuko sawa, ameshakula. Chai hakunywa. Hakuniuliza habari ya kazi wala ya mume. Nilikuwa nimemfutia kiti. Akakipita, akakaa chini kwenye mkeka karibu na Riziki, akavua raba. Nikasema moyoni, huyu hakulelewa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Kiingereza nasikia nusu, na yeye alisema polepole.

“Jana alishikwa mara ngapi?”

“Anaendelea vizuri, tunashukuru.”

“Sikuuliza kama anaendelea vizuri, Mama. Nimeuliza mara ngapi.”

Uso uliniwaka. Katika nyumba yangu, mbele ya mtoto wangu. Yeye hakungoja jibu, akamgeukia Riziki, akamuuliza kwa Kizulu ambacho mtoto amekiokota mtaani. Sikuwahi kuona mtu akimuuliza Riziki mwenyewe habari ya ugonjwa wake. Mimi ndiye nilikuwa namjibia kila mahali, tangu akiwa kwenye nepi. Riziki alitazama mkono wake mzima, akainua vidole vinne.

Nikasema hapana, ni viwili. Mimi mama yake nilikuwepo, na nilikuwa nimeandika viwili. Thandeka akamuuliza hivyo vingine vilikuwaje. Riziki akatafuta maneno muda mrefu, ulimi bado una kidonda, kisha akasema kwa Kiingereza tivii inaruka. Katuni inakuwa hapa, halafu iko kule, na yule paka ameshadondoka ila yeye hakumwona akidondoka.

Thandeka akaniangalia, safari hii bila haraka. Akanieleza kwamba hiyo nayo ni kushikwa, ile ndogo, mtoto anazimika kwa muda mfupi macho yakiwa wazi. Akaniuliza kama nimewahi kumwita asiitike, huku ananitazama tu.

Nimewahi. Nilidhani ni kiburi. Mwezi wa nne nilimpiga kofi kwa hilo, mara moja, la mkononi. Nimeandika hapa kwa sababu najua kuna mwingine anayesoma aliyefanya hivyohivyo, na nataka ajue hayuko peke yake kwenye aibu hiyo.

Nikainua godoro, nikatoa daftari. Akanifanya nimsomee ukurasa kwa ukurasa, nageuza kwa Kiingereza changu kibovu, na yeye anapiga picha. Akasema barua kwa daktari itaenda leo hii.

Haikwenda siku hiyo. Iliondoka baada ya siku mbili. Alisema alipata mtoto mwingine mwenye hatari kubwa zaidi, na naamini, lakini barua yangu ilichelewa siku mbili, na hilo nalo nililiweka kwenye mizani. Siku ya tatu, Jumamosi saa sita, nilikuwa naanika nguo uani na Riziki amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anashika vibanio. Vibanio vikaanguka kwanza, kisha yeye. Hakuacha kutetemeka. Mara zote huacha. Majirani wa vyumba vyote walitoka, yule mama wa chumba cha mbele akapiga simu, mwingine akamgeuza ubavu. Ambulensi ilichukua muda ambao siwezi kuuandika.

Wodini alikaa siku tisa. Siku mbili za kwanza hakufungua macho, uso umevimba, mpira puani. Walitaka kumbandika nyaya kichwani kupima, na nywele zake zilikuwa na misuko. Nilijaribu kufumua, nikawa namvuta nywele tu. Ndipo akaingia Mama Elizabeti, na mfuko wa safari bado begani, ametoka moja kwa moja kwenye basi la Durban. Hakuuliza kitu. Akavuta kiti, akaanza kufumua misuko, mmoja mmoja, polepole sana, bila kumtikisa mtoto kichwa. Alipomaliza alimwosha mwili mzima kwa kitambaa. Na upande wa miguu ya kitanda alikuwa amesimama Thandeka, kurasa za daftari langu zimechapishwa mkononi, anabishana na daktari mkubwa mpaka muuguzi akamwomba ashushe sauti. Dawa ilirudishwa juu siku ileile, ya tatu ikaongezwa. Niliwatazama wale wawili nikaomba Mungu kitanda kiwe kirefu, wasilazimike kugusana.

Daktari mkubwa alisema nafasi ya kliniki ya kifafa inaweza kurudi, lakini iko moja na wanaoitaka ni wengi. Faili lifike likiwa na ripoti ya kweli ya miezi yote, na mtu mmoja wa kulijibia. Si wawili. Ofisi ikasema hivyohivyo. Ndiyo maana ya ile karatasi kwenye bahasha, na ndiyo maana ya Ijumaa saa sita.

Jumanne nilimwonyesha Baba Riziki. Alikuwa ametoka zamu, hajavua buti. Aliisoma akiwa amesimama, akasema hakuna cha kuchagua hapo. Nikamwambia kuhusu faili, kuhusu miezi mitano ya nzuri. Tulisemezana kwa sauti ya chini kwa sababu kuta za nyumba yetu ni mbao, na kwa sauti hiyo ya chini maneno yanauma zaidi.

“Wewe ndiye ulisema nzuri,” akasema. “Sasa anayefukuzwa ni yeye?”

Hilo ni kweli. Akaongeza kwamba mtu aliyekupokea huwezi kumruka kwenye karatasi ya ofisi, tena kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye hata chai yako hanywi. Nikasema Thandeka atakunywa chai au hatakunywa, mimi nataka mtoto aamke. Akaingia kulala. Tangu hapo mpaka Ijumaa hatukusemezana ila mambo ya maji na funguo.

Jumatano nikaenda Berea. Lifti ilikuwa imekufa tena, na kila ghorofa nilisimama nikitunga maneno, nikifika inayofuata nimeshayakataa. Mama Elizabeti alikuwa anachambua mchele karibu na dirisha. Alijua. Ofisi ilikuwa imemwambia kama ilivyoniambia mimi. Hakunikaribisha chai, na hapo nikajua leo tutasema kweli.

“Nilikuuliza kila mwezi, mwanangu. Ulinijibu nini?”

“Nilijibu muzuri.”

“Basi.”

Akaendelea na mchele. Nilisikia punje zikigonga sinia. Nikaona heri niondoke, nikashika kanga yangu, akasema nikae.

Aliniambia kwamba alikuwa anaona. Mwezi wa tatu aliuona ulimi wa Riziki na meno yalipoingia. Aliona kola iliyolowa. Alisema moyoni, mama huyu akitaka kuniambia ataniambia, mimi sitamvua nguo mbele ya mtoto wake. Na kwenye faili aliandika alichoambiwa, kwa sababu aliona kuandika alichokiona bila ruhusa yangu ni kunisengenya kwa wazungu. Mimi nami nikamwambia kuhusu godoro na daftari. Akaacha mchele.

“Kwa hiyo tulikuwa tunaheshimiana,” akasema, “na mtoto anaanguka katikati yetu.”

Hakulia. Mimi nililia kidogo. Kisha nikamuuliza lile nililopandia ngazi: faili nikiliacha kwako, utaweza kuniuliza kama anavyouliza yule? Mara ngapi, saa ngapi, nionyeshe?

Angeweza kusema ndiyo, ni neno fupi. Akasema, “Nitajaribu. Lakini wewe, nikikuuliza hivyo, utanijibu?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama usoni, uso wa mtu aliyefumua nywele za mwanangu, na nikasikia lile neno nzuri likiwa tayari limekaa ulimini, linangoja. Nikalimeza. Aliinuka, akanifungia mchele kidogo kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakuniambia nimchague. Hakuniambia nisimchague.

Alhamisi nilifanya kitu ambacho kwetu hakifanyiki. Nilimuuliza mtoto. Nilikuwa namvalisha kile kifaa cha plastiki cha kunyoosha mkono, nikamuuliza kwa Kiswahili, kati ya Koko na Anty Thandi, nani ashike faili lako. Kiswahili anasikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza cha shuleni. Kwanza akasema wote wawili. Nikamwambia karatasi inataka mmoja. Akanyamaza mpaka nikadhani tivii imeruka tena, nikaanza kumtazama macho.

“Koko anakuuliza wewe,” akasema. “Anty Thandi ananiuliza mimi.”

Utaniuliza kama nilifanya sawa. Sijui. Kliniki ya kifafa ilitupa nafasi mwezi wa saba, na dawa mpya imemtuliza, ingawa imemnenepesha mashavu na asubuhi anakuwa mzito kama gunia la mahindi. Thandeka anachelewa bado. Fomu ya kifaa cha mkono aliipoteza, tukaanza upya, na nilimwambia wazi kwamba nimekasirika, kitu ambacho kwa Mama Elizabeti nisingeweza. Mama Elizabeti bado anakuja, si Jumanne, anakuja Jumapili baada ya ibada kumkanda mkono, lakini miezi miwili ya kwanza hakuja, na kanisani wako waliohama benchi letu. Hayo yana uzito wake, sitayapunguza. Kama unayesoma una Mama Elizabeti wako ambaye unaweza kumwambia mabaya kabla hajakaa, mchague huyo, usiangalie yangu. Mimi nilichagua kwa sababu ya udhaifu wangu, si kwa sababu ya wake. Na daftari nililitoa chini ya godoro. Liko juu ya meza, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Ijumaa ile, tarehe 12, nilimwacha Riziki na mama wa chumba cha mbele nikaenda ofisini mapema. Niliketi na karatasi magotini karibu saa nzima, watu wananipita. Saa tano na nusu nikaweka alama kwenye kisanduku cha Thandeka. Nilikandamiza kalamu, alama ikatoka nene kama ya mtoto wa chekechea. Yule mama wa ofisi aliipokea, akaipiga mhuri, akaniuliza kama kuna kitu kingine. Nikasema hapana. Nje nilimtumia Baba Riziki ujumbe wa maneno matatu: nimeweka kwa Thandeka. Alama zikaonyesha amesoma.

Nilirudi kwa miguu, sikuwa na haraka ya kufika. Jioni nilipokuwa namwogesha Riziki nikasikia sufuria jikoni tunakopikia sote. Ni Baba Riziki, kabadilishana zamu na mwenzake, hajaniambia, amesimama mbele ya jiko na mwiko, yeye ambaye tangu tuoane sijamwona akisonga. Hakugeuka. Akaniambia tu nimlete mtoto, chakula kinapoa.

Tulikula bugali na samaki wa kopo wa nyanya, kitunguu kimeungua upande mmoja. Bugali ulikuwa na madonge. Riziki aliomba kuongezewa, baba yake akampa kutoka sahani yake.